Siku za kungoja mtoto zisikatwe kwenye likizo

Naomba nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowasumbua wafanyakazi wengi wa kike, hasa wale wenye mimba ya kwanza. Jambo lenyewe ni hili: mama aanze lini likizo yake ya uzazi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeeleza. Mfanyakazi mjamzito anatakiwa kumwarifu mwajiri wake angalau miezi 3 kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, na kuonyesha cheti cha mganga. Anaweza kuanza likizo wakati wowote katika wiki 4 za mwisho kabla ya tarehe hiyo, au mapema zaidi ikiwa mganga atathibitisha kuwa afya yake au ya mtoto inadai hivyo. Likizo yenye malipo ni siku 84, na ni siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akishajifungua haruhusiwi kufanya kazi kabla ya wiki 6 kupita, ila mganga akisema anaweza.

Ndugu Mhariri, hapo hakuna ubaya. Ubaya uko katika hesabu. Siku hizo 84 huanza kukatwa siku mama anapoondoka kazini, si siku mtoto anapozaliwa. Akiondoka wiki 4 kabla, amekwisha kutumia siku 28, na zinabaki 56 za kulea. Sasa tufikirie mimba ya kwanza, ambayo mara nyingi hupita tarehe iliyoandikwa kliniki. Mtoto akichelewa siku 10, mama amebakiwa na siku 46 tu. Toa zile wiki 6 ambazo sheria yenyewe inamkataza kufanya kazi, zinabaki siku 4. Mtoto huyo hajafikisha hata miezi miwili, nasi kila siku tunaambiwa na wataalamu wa afya kuwa anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6!

Kwa sababu hiyo wengi wanaamua kujificha. Mama anafanya kazi mpaka wiki ya mwisho, miguu imevimba, ili akusanye siku za kukaa na mtoto. Kwa mtu anayeishi mjini, hospitali ikiwa mtaa wa pili, pengine ataponea hapo. Lakini sisi wa Ngenge hatuwezi kucheza mchezo huo. Mama akihitaji upasuaji, safari ni ya kwenda Rubya au Bukoba mjini. Mvua za masika zikiwa zimeharibu barabara, na usafiri ulioko ni pikipiki, uchungu haungoji. Mwenye busara huondoka mapema akakae kwa ndugu karibu na hospitali. Lakini kila siku anayokaa huko akingoja, anaikata kwenye siku za mtoto wake. Je, ni haki mama achague kati ya usalama wa njiani na maziwa ya mwanawe?

Wapo wazee wanaosema kuwa bibi zetu walilima mpaka siku ya uchungu na hawakudai likizo. Ni kweli walilima. Ni kweli pia kwamba wengine wao hawakurudi kutoka uzazini. Hata leo mama mkulima hana likizo yoyote isipokuwa ile atakayopewa na mumewe kwa kushika jembe na kuchota maji. Hilo nalo tulitazame majumbani mwetu.

Maoni yangu ni kwamba siku za kungoja zihesabiwe peke yake, zisizidi 28, na siku 84 zianze mtoto anapozaliwa. Kama hilo ni zito, basi tuanze na siku zile zinazopita tarehe ya kliniki, kwani hizo si kosa la mama wala la mwajiri. Mwaka 2025 sheria zetu za kazi zilirekebishwa, na mama aliyejifungua mtoto njiti akaongezewa muda hadi zitimie wiki 40 za mimba. Hilo ni jambo jema sana. Lakini kama sheria imemhurumia mtoto aliyewahi, kwa nini imsahau aliyechelewa? Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 unataka siku hizo ziongezwe, na likizo yote isipungue wiki 14. Sisi bado tuko kwenye wiki 12.

Waajiri watasema ni gharama na kwamba wengine watadanganya. Cheti cha mganga kipo, na mwajiri halazimiki kulipia likizo ya uzazi zaidi ya mara 4 kwa mfanyakazi mmoja. Tena si mara ya kwanza nchi yetu kurekebisha jambo hili. Mwaka 1975 tulikubali kuwa hata mama asiyeolewa apate likizo yenye mshahara, na kazi hazikusimama.

Wakati tukisubiri, nawashauri dada zangu wenye mimba ya kwanza waende kliniki mapema, watoe taarifa kwa maandishi na kubaki na nakala. Tarehe ya kuondoka waipange na mganga na muuguzi wanaowajua, wakihesabu pia urefu wa safari. Wasipangiwe na mkuu wa kazi. Wakirudi kazini, wasisahau kudai zile saa 2 kwa siku za kunyonyesha, maana ziko katika sheria.

Wanaohusika walitazame jambo hili.

Mwalimu,
Ngenge, Muleba,
Kagera.