Inchi 19 kwa barabara hii ya Malindi? Soma ubavu wa tairi kwanza

Jumapili jioni kaa kando ya barabara pale Gede, wakati magari yanarudi Mombasa kutoka Watamu na Malindi. Utaziona ndinga zikipita moja moja: Impreza WRX inanguruma, Golf GTI, Mark X iliyoshushwa mpaka tumbo linakaribia kubusu lami. Rimu zinametameta. Mazee, zinapendeza, na sisi hatutajifanya hatugeuzi shingo.

Lakini zikisimama pale kwa madafu, inama kidogo uangalie mpira wenyewe. Mbele kuna tairi la kampuni moja, nyuma la nyingine. Moja limepara. Jingine lina nyufa ndogo ndogo ubavuni kama udongo wa kiangazi. Hadithi yake unaijua hata kabla hujauliza. Rimu zilikula hela yote, tairi likanunuliwa kwa chenji.

Sisi twasema igeuze hiyo hesabu. Kama una mfuko mmoja wa pesa, tairi lipate kwanza, na rimu ile kinachobaki. Na ukichagua rimu, chagua ndogo kuliko ile ambayo roho inataka.

Tuanze na namba za ubavuni, kwa sababu wengi huzipita tu. Tairi la 205/55R16 lina upana wa milimita 205, kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, na linaingia kwa rimu ya inchi 16. Piga hesabu: kutoka kwa rimu hadi chini kuna kama milimita 113 za mpira na upepo. Sasa vaa 225/35R19. Ubavu unabaki milimita 79. Gurudumu zima halijaongezeka hata sentimita moja, ni kama milimita 632 dhidi ya 640. Gari halijapanda juu. Ulichofanya ni kutoa vidole viwili vya mpira na kuweka chuma mahali pake.

Hivyo vidole viwili ndivyo vilivyokuwa vinakukinga na barabara yetu. Unaijua. Ukingo wa lami umeliwa, lori likikujia unashuka na gurudumu moja kwa murram. Matuta mengine hayana rangi wala kibao. Kati ya Mtwapa na Kilifi barabara imekuwa ikipanuliwa, na leo unapita hapa, kesho unaelekezwa kule kwenye vumbi na mawe. Mvua za Novemba 2023 zilipoharibu pale daraja la Mbogolo, ndipo tulikumbushwa vile barabara hii inaweza kubadilika kwa usiku mmoja. Na ukikata kona kwenda ufuoni, Watamu au Mambrui, chini ni jiwe la tumbawe, na tumbawe lina meno.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa mfuko wangu. Nilinunua rimu za inchi 18 za mtumba, muuzaji akaniapia kwamba ni orijino na hazijawahi kuguswa. Wiki ya tatu, saa tatu usiku, nimepita Matsangoni nikielekea Malindi, nikaingia shimo la ukingoni. Ulikuwa mlio mmoja tu, kisha usukani ukavuta kushoto kama mtu ameushika. Matairi mawili ya kushoto yalikwisha, na spea ilikuwa moja. Ndani tulikuwa wanne, mdogo wangu akiwa kiti cha nyuma. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, kwa sababu hakukuwa na gari likija upande wa pili. Asubuhi fundi alipovua tairi la mbele akaniita nione: kwa ndani, rimu ilikuwa na ufa wa zamani uliochomelewa na kupakwa rangi. Shimo lilimalizia tu kazi.

Ndiyo maana nasema rimu ya mtumba usiinunue ikiwa imevaa tairi. Mwambie avue. Angalia upande wa ndani, usioonekana, pitisha kidole ukitafuta mstari wa kuchomelea au mahali palipopigwa nyundo. Alumini ikishapinda na kunyooshwa kwa moto haina nguvu ile tena. Tafuta pia alama ya JWL iliyopigwa kwenye chuma, kipimo cha Wajapani cha rimu za alumini. Alama hiyo huigwa, kwa hivyo peke yake haitoshi, lakini rimu isiyo na alama yoyote ni ya kuachia mwenyewe.

"Sasa gari la mbio na rimu ndogo, si aibu?" Ngoja. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Subaru Impreza, gari ambalo mpaka leo vijana wa Pwani wanalipaka buluu na dhahabu. Magari ya rali ya dunia yakienda kwenye vumbi huvaa inchi 15. Inchi 18 ni za lami safi. Tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, ndiyo hizo inchi 15 zinazopita, mpira mnene umejaa ubavuni. Hata ile TE37 ya Rays ambayo kila mtu anatafuta nakala yake ilitokea mwaka 1996, na jina lake limetoka kwa uzito: kilo 3.7 kwa rimu moja ya inchi 15. Sifa yake ilikuwa wepesi. Nakala ya inchi 19 iliyomiminwa kwa bei poa ina sura hiyo hiyo, lakini uinue kwa mkono mmoja uone.

Uzito huo unaulipia. Rimu nzito hufanya gari lichelewe kuondoka, lichelewe kusimama, na shoki zinakufa mapema. Umeweka turbo kubwa halafu unafunga mawe miguuni.

Tuje kwa kuingiliana, maana hapa ndipo madalali hula watu. PCD kwanza: Impreza WRX za miaka ya 2000 na Legacy nyingi ni 5x100. STI kuanzia modeli ya 2005 ni 5x114.3, sawa na Mark X. Golf GTI kuanzia kizazi cha tano ni 5x112. Mtu akikuambia 5x112 "itaingia tu" kwa 5x114.3 ukikaza vizuri, muage kwa heshima. Tundu la katikati nalo lina kipimo chake: habu ya Subaru ni milimita 56.1, na rimu nyingi za dukani zina tundu la 73.1 ili zitoshee kila gari. Bila pete ya kuziba hiyo nafasi, rimu haikai katikati sawasawa, na ukifika kilomita 100 kwa saa usukani unatetemeka. Utalipia balansi mara tatu na fundi hatapata kosa.

Kisha ofseti, ile namba ya ET. WRX ya inchi 17 kwa upana wa 7 ilikuja na ET ya 53 hivi. Ukiweka rimu ya upana wa 8 na ET35, ukingo wa nje unatoka milimita 31. Picha itakuwa kali. Pakia watu wanne, pita tuta la kwanza, usikie tairi likilamba bodi. Beringi nazo zinabeba mzigo ambao hazikuundiwa.

Na nati! Subaru inatumia uzi wa 1.25, Toyota na Honda 1.5. Zinafanana kwa macho, na mtu mwenye spana ya umeme ataziingiza kwa nguvu na kuua boliti zote tano. Ukishafunga rimu mpya, kaza tena baada ya kilomita 100 hivi. Kutoka Mombasa mpaka Malindi ni karibu 120, basi ukifika tu, kabla ya kuoga, toa spana.

Sasa tairi, ambalo lilifaa liwe la kwanza. Tafuta neno DOT ubavuni na usome namba nne za mwisho. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kenya hairuhusu uingize gari lililozidi miaka 8, lakini tunaona matairi ya mtumba, yale ya ex-Japan, yenye miaka 11 au 12 yakifungwa kwa magari ya kukimbia. Meno yapo, meusi, yamepakwa dawa yang'ae. Mpira ndani umekufa. Uingereza tangu mwaka 2021 ilikataza matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi, na kule hakuna jua la Malindi la mwezi wa pili.

Ukiwa na Subaru, nunua manne yanayofanana. Si mambo ya urembo. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote likivaa matairi ya mzingo tofauti, difu ya katikati inafanya kazi bila kupumzika mpaka iungue, na bei ya hiyo difu ingekununulia matairi mapya na chenji ya samaki. Tairi pana kupita kiasi nalo huelea juu ya maji mapema kuliko jembamba. Kumbuka hilo masika ya Aprili na Mei, ukiteremka kuelekea daraja la Kilifi.

Presha pima asubuhi, tairi likiwa baridi, ukifuata kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva. Tairi lenye upepo mdogo hukunja ubavu kila mzunguko, linapata joto, na lami ya saa nane inaongeza. Ndivyo mengi hupasuka. Chumvi ya bahari nayo hutafuna alumini pale mpira unapokutana na rimu, upepo ukatoka polepole bila kuona msumari. Ukitoka ufuoni, mwagia maji ya kawaida.

Wauzaji wetu pia wana lao. Bei ya tairi inasemwa kwa sauti, umri wake hausemwi. Hebu tuwazoeshe. Kabla hujatuma M-Pesa, mwambie muuzaji akusomee namba za DOT za matairi yote manne, moja baada ya nyingine, wewe ukiwa umechuchumaa hapo unazifuata kwa tochi ya simu. Akianza kukueleza habari za rangi ya rimu, vuka barabara uende duka la pili.