Nguvu ya Kufyatuka Haijengwi kwa Kuchoshana

Katika viwanja vya shule zetu nyingi, mazoezi ya kuruka maana yake ni kichurachura. Wanafunzi huchuchumaa na kurukaruka kuzunguka uwanja mpaka mapaja yawake moto, na mwalimu huamini kwamba miguu inapata nguvu. Makala hii inapinga imani hiyo. Kichurachura humzoesha mtu kuvumilia uchovu. Nguvu ya kufyatuka, ile inayompandisha mchezaji wa voliboli juu ya wavu, hujengwa kwa njia nyingine.

Fanya jaribio dogo. Chuchumaa nusu, tulia hapo sekunde 3, kisha ruka uwezavyo. Pumzika. Sasa simama wima, shuka upesi mpaka kimo kile kile, na papo hapo ruka. Mruko wa pili utakuwa wa juu zaidi.

Siri iko kwenye kule kushuka, ambako misuli hujikaza huku ikivutwa. Kwanza, inapata muda: msuli huhitaji kama theluthi ya sekunde, au zaidi, kufikia kani yake ya juu kabisa. Pili, vipokezi vilivyomo ndani ya misuli huhisi mvuto huo na kuupasha habari uti wa mgongo, nao huamuru misuli ikaze zaidi bila kusubiri ubongo. Tatu, kano, hasa ile nene ya kisigino, huvutika kama mpira wa manati, ikaweka nishati na kuirudisha mguu unaposukuma ardhi. Kano ikibeba kazi hiyo, nyuzi za msuli hazilazimiki kujikunja kwa kasi kubwa. Na tangu utafiti wa Archibald Hill wa mwaka 1938 inajulikana kwamba kadiri msuli unavyojikunja upesi, ndivyo kani yake inavyopungua. Wanasayansi wangali wakibishana ni lipi kati ya hayo matatu lina mchango mkubwa zaidi, lakini faida yenyewe haina ubishi.

Faida hiyo ina sharti moja: usichelewe ardhini. Ukisita kati ya kushuka na kupanda, nishati hugeuka joto na kupotea. Mkimbiaji wa mita 100 aliye kwenye kasi yake ya juu hugusa ardhi kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Vijana wa Kimaasai wanapocheza adumu, ngoma yao ya kuruka, magoti hubaki karibu yamenyooka na visigino havigusi chini. Yuri Verkhoshansky, kocha wa Kisovieti, alifuata kanuni hiyo hiyo katika miaka ya 1960 alipowafunza wanariadha kudondoka kutoka juu ya kasha na kuruka palepale.

Kichurachura hukiuka sharti hilo tangu mwanzo: magoti yamekunjwa mno, mwendo ni wa polepole, na kila mruko humkuta mtu amechoka kuliko uliotangulia. Tena kano huimarika polepole kuliko misuli, kwa hiyo wingi wa miruko unaweza kuwaumiza vijana ambao bado wanakua.

Kwa hiyo tunawasihi walimu wa michezo na makocha: pasheni misuli moto, tumieni uwanja wa nyasi, wafanyisheni wachezaji miruko michache kabla hawajachoka, wapeni mapumziko kati ya seti, na wapeni siku 2 kabla ya kurudia. Mchezaji akianza kuganda ardhini, zoezi limekwisha. Mwacheni apumzike.