Usafi wa Nyumba: Kioo Bila Dawa ya Duka

Kiangazi kimefika, na vumbi la hapa Nyarugusu halina huruma. Wenye kioo dirishani, hata kipande kidogo tu, mnajua: vumbi likishikana na moshi wa kuni, ndani giza saa nane mchana.

Dawa ya duka ya nini? Kamulieni ndimu mbili katika nusu lita ya maji, chujeni, pangusieni kioo kwa kitambaa, kisha kausheni kwa gazeti kuukuu. Mwenye siki atie kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji. Masizi yakigoma, chekecheni jivu la kuni mpaka liwe laini kama unga, lisugulieni kwa kitambaa chenye maji, taratibu, halafu suuzeni. Jivu lenye mchanga linakwaruza. Kwenye nailoni ya dirisha au sola msilitie kabisa. Hapo maji matupu yanatosha, asubuhi kabla ya jua kali.

Sasa lile lililotufanya tuandike. Mwenzetu mmoja aliona siki haitoshi, akaongeza jiki. Weee! Macho yakamchoma, kifua kikabana, akatoka mbio na mtoto mgongoni. Jiki ikikutana na siki au ndimu inatoa hewa ya sumu. Ikitokea, tokeni wote nje, mlango ubaki wazi, na anayekohoa apelekwe zahanati hima.

Tena jiki isikae kwenye chupa ya soda. Mtoto hasomi, anakunywa tu.