Wimbo wa Mnyonge Usitegemee Hisani

Mfanyakazi wa Bunju huondoka kwake alfajiri. Mpaka afike Makumbusho, amekwisha kusikia ndani ya daladala nyimbo za mapenzi, za dini na za majigambo. Wimbo unaotaja rushwa, mshahara mdogo au ubabe wa wakubwa ni nadra kuusikia. Nasi twauliza: je, ni kwa sababu mambo hayo hayapo, au ni kwa sababu waimbaji wamefundishwa kunyamaza?

Waimbaji hatujawakosa. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu katika Kongo, alifika Dar es Salaam mwaka 1978, na kwa miaka mingi aliwaimbia maskini pamoja na bendi ya Super Matimila, hata kituo cha basi cha Sinza kikaitwa kwa jina lake. Lakini alipotoa "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuhimiza matumizi ya kondomu wakati UKIMWI ukiteketeza watu, Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Waliozuiwa kuusikia ni wale wale waliokuwa wakizika ndugu zao.

Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa mkoani Morogoro kwa ajili ya wimbo "Wapo", uliofungiwa na Baraza la Sanaa la Taifa. Mara Waziri wa Habari, Dk. Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais John Magufuli ameagiza msanii huyo aachiwe na wimbo wake upigwe. Wengi walishangilia, na ilikuwa haki yao. Lakini Aprili 5 Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana kutoka studio moja ya Dar es Salaam. Walionekana tena Aprili 8, na Roma akasema waliteswa. Tena mwaka 2023 Nay huyo huyo aliitwa kuhojiwa kwa ajili ya wimbo "Amkeni".

Funzo liko wazi. Kilichomtoa Nay mahabusu mwaka 2017 kilikuwa hisani ya mtu mmoja. Hisani hubadilika siku kwa siku, na mwisho hufa na mwenyewe. Sheria njema hubaki.

Wako wanaosema kwamba nchi inayojijenga haina nafasi ya nyimbo za lawama. Na waitazame Ujerumani Mashariki, dola iliyojiita ya wafanyakazi, ambayo Wazanzibari waliifahamu vyema, maana ndiyo iliyosaidia kujenga nyumba za Kikwajuni baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwaka 1975 wakuu wa utamaduni wa Leipzig waliliambia kundi la roki la Renft, kwa sababu ya mashairi yake, kwamba tangu siku hiyo kundi hilo halipo. Mwaka uliofuata Wolf Biermann, mwimbaji mkomunisti ambaye baba yake, mfanyakazi wa kiwanda cha meli, aliuawa na Wanazi huko Auschwitz, alivuliwa uraia akiwa ziarani Ujerumani Magharibi. Nyimbo zilizimwa, lakini malalamiko hayakuzimika. Mwaka 1989 umati ulijaa barabara za Leipzig hiyo hiyo, na mwaka 1990 dola yenyewe ikatoweka. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hatusemi kwamba kila neno likipigiwa ngoma huwa halali. Anayemzulia mwenzake uongo, au anayechochea umwagaji wa damu, ashtakiwe mahakamani, aelezwe kosa lake, naye ajitetee. Lakini kumlaumu kiongozi si kosa. Ibara ya 18 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa kutoa mawazo yake, na mwimbaji naye ni mtu.

Mwanachama wa TANU aliahidi kusema kweli daima. Ahadi hiyo haikuweka sharti kwamba kweli isipigiwe gitaa. Basi twataka kanuni za sanaa zitaje wazi kilichokatazwa; wimbo usifungiwe bila sababu kuandikwa na bila nafasi ya kukata rufaa; na mwimbaji asikamatwe kwa kumuudhi mkubwa. Wafanyakazi nao, wa Bunju hata Temeke, wasiwaachie wasanii peke yao mzigo huu, maana shida zinazoimbwa ni zao.

Kiongozi anayetaka kujua hali ya watu hahitaji taarifa ndefu. Na auache wimbo huo upigwe ndani ya daladala, kisha apande, asikilize abiria wanasemaje.