Shindano lingemfaa fundi wetu

Naunga mkono kwa moyo wote wazo la kaunti kutafuta suluhisho kwa shindano badala ya zabuni. Hapa mtaani kwetu Witeithie mifuniko ya chuma ya mitaro huibwa ikauzwa kama chuma chakavu. Jirani yangu, fundi, alimimina mfuniko wa zege wenye nondo ndani. Matatu ilipita juu yake na haukutikisika. Lakini zabuni za kaunti mara nyingi hudai hesabu zilizokaguliwa na dhamana ya benki. Atazitoa wapi? Hata hivyo, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Kenya ya 2015 inaruhusu shindano la usanifu! Na shindano huibua mafundi: Bunge la Uingereza lilipotangaza tuzo ya kupata longitudo baharini mwaka 1714, saa iliyotatua shida ilitengenezwa na John Harrison, seremala. Kaunti itangaze tatizo, mafundi walete mifuniko, lori lipite juu yake mchana kweupe. Mshindi alipwe upesi, tafadhali.