Kibati cha Fundi

Karibuni hivi tuliazimu kuiuza motokaa yetu ya petroli. Ilikuwa na ada mbaya: ikisimama huku injini yanguruma, hutetema kama mwenye homa, na mara nyingine huzimika, lakini ikishika mwendo hutulia kana kwamba haina dosari. Fundi mmoja akatwambia, "Maalim, mnunuzi atajuaje? Niachieni niizibe vali kwa kibati, mtetemo utaondoka leo hii."

Tunaiandika habari hii kwa kuwa kijana yeyote katika wasomaji wetu anunuaye gari iliyokwisha tumika aweza kuuziwa kibati kama hicho.

Vali aliyoikusudia ni ile irudishayo sehemu ya moshi ndani ya injini, ili joto la mle lipungue. Joto likizidi mno huzaliwa gesi za naitrojeni, ambazo hudhuru mapafu, hasa ya watoto na wenye pumu. Vali hiyo ikigandwa na masizi ikashindwa kufunga, moshi huingia hata wakati usiotakiwa, ndipo injini ikatetema. Ikigoma kufunguka, dalili hugeuka: gari husimama kwa utulivu, lakini ikipanda mlima au ikibeba mzigo huweza kusikika mlio wa kugonga ndani ya injini. Na kuiziba kwa kibati ni kuifanya igome kwa makusudi. Taa ya onyo ikiwaka, wako mafundi waing'oao taa yenyewe!

Iko na vali ya pili, ndogo zaidi, ambayo magari mapya ya California, Marekani, yalianza kutiwa mwaka 1961. Kazi yake ni kuzipeleka zikaungue tena gesi zipenyazo kando ya pistoni na kushuka chini penye oili. Ikiziba, gesi hukosa njia, zikaisukuma oili itoke penye sili. Mwenye gari akabadilisha sili hii na ile, na uvujaji ukabaki vile vile. Ikikwama wazi, injini huinywa oili na kutoa moshi wa kibuluu. Aghlabu vali hii ikitolewa na kutikiswa hulia ndani. Iliyo kimya yafaa kushukiwa.

Tukarejea kwa kibati chetu. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika rundo la chakula, akakuta majimaji chini ya kikavu, akamkemea mwenye mali kwa kuyaficha. Hatukuona tofauti baina ya rundo lile na injini yetu, ila ya kwamba dhara ya injini humfikia hata jirani asiyenunua kitu.

Basi tulimwamuru fundi aifungue vali na kuisafisha masizi. Mtetemo ulipungua, haukwisha. Mnunuzi alipokuja tukamweleza yote, tukamwashia injini ikiwa baridi ajisikilizie mwenyewe. Akaikata bei kwa ukali. Tukakubali, na nyumbani tukanung'unikiwa siku mbili.