Si Kichaka, Ina Jina

Jumamosi iliyopita kamati ya mtaa wetu, huku Ruai, ilitangaza usafi. Kufikia saa nne asubuhi, migunga mitatu iliyobaki kando ya uwanja ilikuwa chini. "Ni kichaka tu," mwenyekiti akasema. "Inaficha wezi." Sasa tunangoja mitende ya mapambo, ile ya mbele ya hoteli.

Mzee, kwa heshima yote, hapo tumechoma.

Hakuna mwizi anayejificha kwenye mti huo. Jaribu uone. Ni mgunga mfupi wenye miiba mirefu myeupe, na vinundu vyeusi ambamo sisimizi wanaishi. Ukigusa tawi wanakutokea mbio. Hata ndovu huukwepa. Upepo ukipita kwenye matundu yao, mti unapiga mluzi. Wamaasai huuita eluai. Tamka jina hilo polepole, kisha useme Ruai.

Najua jibu: Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hadi sikukuu ya kupanda. Sawa. Lakini Eastlando haikuwa msitu uliokatwa. Kutoka Embakasi hadi huku ilikuwa mbuga ya nyasi, juu ya ule udongo mweusi unaokwamisha gambuti mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka. Mti unaouweza udongo huo ulikuwa hapa tayari, bila kumwagiliwa, bila bajeti, bila mheshimiwa wa kupigwa picha na jembe.

Wengine wanasema si adimu, umejaa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ni kweli, umejaa, ng'ambo ya ua. Kwa hivyo mtoto wa Kayole alipe kiingilio ndio aone kilichokuwa kinaota nyuma ya kwao?

Sisemi nyumba zibomolewe. Hata mimi naishi kwa moja. Nasema kona moja ya uwanja iachwe na nyasi zake na migunga yake, na kabla ya panga kuinuliwa, mtu aulize jina.

Mti huu ukikatwa huchipuka tena kutoka kwenye kisiki, mradi using'olewe. Jumamosi hii kamati inakuja na sururu. Visiki ni vitatu. Mimi nitasimama kando ya kimoja kuanzia saa moja asubuhi. Natafuta watu wawili.